Kumeza Chumvi Nyingi kwa Bahati Mbaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu chumvi ya kawaida ya kupikia, na yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye yeye mwenyewe, mtoto wake au mgonjwa anayemtunza amemeza chumvi kuliko kiasi. Matukio mengi ya namna hii huishia kwenye kiu na usumbufu wa tumbo. Machache huwa ya hatari kweli, na hayo hayasubiri. Ikiwa aliyemeza amepatwa na degedege, amechanganyikiwa, haamki vizuri, au ni mtoto mchanga, usiendelee kusoma: mpeleke hospitali sasa hivi, au piga simu ya dharura ya mahali ulipo.

Nimekula chakula kilichozidi chumvi. Je, nimo hatarini?

Kwa mtu mzima mwenye afya, karibu kila mara jibu ni hapana. Chakula kilichokolea chumvi kupita kiasi hukataliwa na ulimi mapema, na aliyekila chote kwa kuona haya kukiacha huwa bado hajafikia kiwango cha kudhuru. Utasikia kiu kali kwa saa kadhaa, pengine vidole vitavimba kidogo, na uzito wako unaweza kuongezeka kwa muda kwa sababu mwili unashikilia maji. Kunywa maji kwa kadiri ya kiu yako, na figo zitaitoa chumvi ya ziada katika siku moja au mbili zinazofuata. Jibu hili haliwahusu watoto wadogo, wala wagonjwa wa moyo, figo, ini au shinikizo la damu, ambao wamezungumziwa chini.

Ni kiasi gani kinachohesabiwa kuwa kikubwa?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, kiasi ambacho ni pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hicho, hata hivyo, ni kipimo cha kulinda moyo na mishipa ya damu kwa miaka mingi. Kukivuka siku moja si sumu. Sumu ni jambo jingine, na hutegemea mambo matatu: chumvi ni kiasi gani, imemezwa kwa muda mfupi kiasi gani, na mwili ulioipokea ni mkubwa au mdogo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kina takriban gramu 18, sawa na milimoli 308 hivi (milimoli ni kipimo cha hospitali cha wingi wa madini) za sodiamu, yaani ile sehemu ya chumvi inayodhuru ikizidi. Mtoto wa kilo 15 ana maji yapatayo lita 9 mwilini mwake. Kijiko hicho kikiingia chote na asitapike, kila lita ya maji hayo itaongezewa karibu milimoli 34 za sodiamu. Kiwango cha kawaida katika damu ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita, na kikipita 160 hali huhesabiwa kuwa mbaya. Mtoto huyu anaweza kuvuka 170 kwa kijiko kimoja tu. Kwa mtoto mchanga wa kilo 4, kijiko kimoja cha chai kinatosha kuleta athari ya ukubwa huohuo.

Kwa hiyo kanuni ninayoiona kuwa salama ni hii: mtoto mdogo aliyemeza kijiko cha chai au zaidi cha chumvi kavu, au asiyejulikana amemeza kiasi gani, apelekwe hospitali hata kama bado anacheza. Mtu mzima aliyemeza kijiko kizima cha chakula au zaidi kwa mara moja awasiliane na daktari au kituo cha taarifa za sumu bila kungoja dalili. Vifo vya watu wazima vimetokea kwa vijiko vichache tu vya chakula, na wengi hawalitegemei hilo kwa kitu kinachokaa mezani kila siku.

Nifanye nini katika dakika za kwanza?

Mwondolee chumvi iliyobaki. Ikiwa bado iko mdomoni, aiteme. Kwa mtoto, ipanguse kwa kitambaa safi chenye maji, ukipitisha kidole kwenye mashavu na ufizi bila kukisukuma kooni. Kisha asukutue mdomo na kutema.

Ikiwa yuko macho kabisa na anameza vizuri, mpe maji ya kawaida kwa mafunda madogo. Usimpe maji yenye chumvi ya aina yoyote, supu, wala ORS (unga wa pakiti unaochanganywa na maji kwa anayeharisha), kwa sababu zote zina sodiamu.

Wakati huohuo, angalia saa. Andika muda aliomeza, makadirio ya kiasi, uzito wake na dawa anazotumia. Chukua pakiti au kopo lenyewe uende nalo, pamoja na kijiko kilichotumika ikiwa kipo, maana neno «kijiko» lina maana nyingi na daktari atataka kujua ni kipi. Taarifa hizi huokoa muda mwingi, hasa mgonjwa akiwa mtoto asiyeweza kujieleza.

Aliyepoteza fahamu asipewe kitu chochote mdomoni. Mlaze kiubavu, kichwa kikiinama nyuma kidogo ili matapishi yasimzibe pumzi, na ubaki naye mpaka msaada ufike. Akiwa na degedege, mwondolee vitu vinavyoweza kumuumiza, usimkandamize wala kumtia kitu baina ya meno.

Je, nimtapishe?

Usimtapishe. Aliyemeza chumvi nyingi mara nyingi hutapika mwenyewe, kwa kuwa chumvi huchoma utando wa tumbo. Akitapika, msaidie ainame mbele au alale kiubavu, basi. Kumtia kidole kooni kunaweza kusababisha matapishi yaingie kwenye mapafu.

Hapa kuna jambo linalohitaji kusemwa kwa mkazo. Yako mazoea ya miaka mingi ya kumnywesha maji ya chumvi mtu aliyemeza sumu au dawa, kwa nia ya kumtapisha. Vitabu vya zamani vya huduma ya kwanza viliyafundisha, na hata leo wapo watu wema wanaoyakimbilia wakiwa na hofu. Mazoea hayo yameua. Mgonjwa asipotapika, chumvi yote hubaki mwilini, na anayekuja kumuokoa huongeza kijiko cha pili na cha tatu kwa kuwa cha kwanza «hakikufanya kazi». Wamekufa watu kwa tiba hiyo ilhali walichokuwa wamemeza mwanzoni kisingewaua. Maji ya chumvi hayafai kumtapisha mtu yeyote, wa umri wowote, kwa sababu yoyote.

Anywe maji kiasi gani?

Mtu mzima mwenye afya anaweza kuanza na glasi moja au mbili pole pole, kisha aendelee kwa kadiri ya kiu yake, kwa kuwa katika hali hii kiu ni kiongozi mzuri. Si jambo la busara kulazimisha lita nyingi kwa mkupuo: tumbo lililochokozwa litayarudisha, na maji yakipita kiasi huleta hatari ya kinyume, yaani sodiamu kushuka mno. Mtoto mdogo apewe kijiko baada ya kijiko njiani mnapokwenda hospitali. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, maana maziwa ya mama yana sodiamu kidogo sana. Mgonjwa aliyewekewa kikomo cha maji na daktari aulize kabla ya kunywa.

Ni dalili gani za kuziangalia?

Za mwanzo ni kiu kali, kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na pengine kuharisha. Zinazofuata ndizo za kutisha, kwa sababu zinatoka kwenye ubongo: kukosa utulivu, maumivu ya kichwa, udhaifu, misuli kurukaruka, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, degedege na kupoteza fahamu. Sodiamu hupanda upesi katika damu, kwa hiyo dalili kali zinaweza kuonekana katika saa chache tu.

Mtoto mchanga hasemi kwamba ana kiu. Yeye hulia kwa sauti nyembamba na kali isiyo ya kawaida yake, hukataa kutulizwa, hunyonya kwa pupa au huacha kunyonya kabisa, na anaweza kupata homa. Baadaye hunyamaza na kulegea. Ukimya huo usichukuliwe kuwa nafuu. Ni dalili kwamba hali imezidi kuwa mbaya.

Chumvi inadhuru vipi, ilhali mwili unaihitaji?

Maji ya mwilini hayakai mahali pamoja. Hupenya kuta za seli kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi. Sodiamu ikijaa ghafla katika damu, maji huvutwa kutoka ndani ya seli, nazo husinyaa. Seli za misuli hustahimili. Ubongo hustahimili kwa shida zaidi, kwa sababu umo ndani ya fuvu na umeunganishwa na utando unaouzunguka kwa mishipa myembamba ya damu. Unaposinyaa, mishipa hiyo huvutwa na inaweza kukatika, damu ikavujia ndani ya fuvu.

Ubongo una njia ya kujilinda: katika siku moja au mbili hutengeneza na kukusanya viini ndani ya seli zake ili kuyashikilia maji yasiendelee kutoka. Ulinzi huo ndio unaofanya matibabu yawe ya uangalifu, kwa maana ubongo uliokwisha kujizoesha hali hiyo, damu yake ikizimuliwa kwa haraka, hufyonza maji na kuvimba.

Figo nazo zina kikomo. Ili zitoe chumvi ya ziada ni lazima zitumie maji kuisafirisha, na haziwezi kuukoleza mkojo zaidi ya kiwango fulani. Figo za mtoto mchanga huukoleza mkojo kwa karibu nusu tu ya uwezo wa mtu mzima.

Kwa nini mnasisitiza sana watoto wachanga?

Kwa sababu wao hula kile tu wanachopewa, na kosa la mtu mzima hurudiwa kila mlo. Mwaka 1962, katika hospitali moja ya mji wa Binghamton, jimbo la New York nchini Marekani, chumvi iliwekwa kwenye chombo cha sukari iliyotumika kutengenezea maziwa ya watoto, na watoto 6 wakafa. Waliohusika walikuwa watu wa kazi hiyo, wenye nia njema. Chumvi na sukari hufanana kwa macho, na mtoto anayekataa chupa au kulia anaponyonya anaweza kudhaniwa kuwa mgonjwa tu, ilhali anajaribu kukikataa kile kinachomdhuru.

Ukitayarisha chochote cha kumpa mtoto, kionje kwanza wewe mwenyewe kwa kijiko kingine. Ni tendo dogo, na lingeweza kuligundua kosa la namna hiyo mara moja. Mtoto akikataa kwa ukali kitu alichozoea, onja tena kabla ya kumbembeleza.

Nilichanganya vibaya maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha. Nifanye nini?

Acha kumpa mara moja, yamwage, na upige hesabu ya kiasi alichokwisha kunywa. Mchanganyiko wa nyumbani unaofahamika ni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita 1 ya maji safi. Kosa baya kuliko yote ni kubadilisha nafasi zake, chumvi ikawa vijiko 6: hizo ni gramu 36 kwa lita, ukolezo wa maji ya bahari. Kutumia kijiko cha chakula mahali pa kijiko cha chai nako huzidisha kila kitu mara tatu.

Pakiti za ORS zina kosa lao. Pakiti ya lita 1 ikichanganywa kama inavyotakiwa hutoa milimoli 75 za sodiamu kwa lita. Ikimiminwa yote katika kikombe cha mililita 250, kiwango hupanda hadi milimoli 300, zaidi ya mara mbili ya kilichomo katika damu. Soma kwenye pakiti ni ya maji kiasi gani, maana si zote ni za lita moja.

Mtoto aliyekunywa mchanganyiko uliokolea hivyo aonwe na daktari siku hiyohiyo, na mara moja ikiwa ni mchanga au amelegea. Anaharisha, anapoteza maji, na ameongezewa chumvi. Mambo hayo matatu yanasukuma upande mmoja. Waeleze wahudumu ulichofanya bila kuficha. Hawawezi kulitambua kosa hilo kwa kumtazama tu, na wakidhani ni kuharisha kwa kawaida wanaweza kuanza na ORS ileile. Usiogope, vilevile, kutumia ORS siku nyingine. Ikichanganywa sawasawa, inaokoa maisha.

Nina shinikizo la damu, au ugonjwa wa moyo, wa figo au wa ini. Je, mlo mmoja wenye chumvi nyingi utanidhuru?

Unaweza. Hatari yako haitoki kwenye ubongo kusinyaa, inatoka kwenye maji yanayoshikiliwa mwilini: presha hupanda, miguu huvimba, na moyo uliodhoofika unaweza kushindwa, maji yakajaa kwenye mapafu. Pima presha ikiwa una kipimo, jipime uzito asubuhi, na endelea na dawa zako kama ulivyoandikiwa bila kuongeza kidonge cha kukojoza kwa uamuzi wako mwenyewe. Ukikosa pumzi, hasa unapolala chali, au ukipata maumivu ya kifua, nenda hospitali usiku huohuo.

Je, chumvi mbadala ni salama zaidi ikizidi?

Hapana. Nyingi ya hizo zimetengenezwa kwa potasiamu badala ya sodiamu, au kwa mchanganyiko wa zote mbili, na potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha zinazozuia potasiamu kutoka mwilini, akiimeza nyingi aende hospitali bila kusubiri dalili yoyote.

Vipi kuhusu mchuzi wa soya, vidonge vya supu na soda ya kuokea?

Vihesabu kuwa chumvi. Kijiko cha chakula cha mchuzi wa soya huwa na gramu 2 hadi 3 za chumvi. Imeandikwa katika jarida la kitabibu la mwaka 2013 habari ya kijana wa miaka 19 huko Marekani aliyekunywa takriban lita moja ya mchuzi huo kwa sababu ya kushindana na wenzake. Alipata degedege na kupoteza fahamu, na sodiamu katika damu yake ilifika milimoli 196 kwa lita. Alipona kwa sababu alifikishwa hospitali mapema na kupewa maji mengi ya dripu yasiyo na chumvi.

Soda ya kuokea ina sodiamu pia, takriban gramu 1.3 katika kijiko cha chai, na zaidi ya hapo hutoa gesi inapokutana na asidi ya tumbo na kuibadilisha hali ya asidi katika damu. Aliyemeza nyingi, hasa baada ya kushiba, akiwa na tumbo lililojaa gesi na maumivu makali, anahitaji daktari haraka: yako matukio ya tumbo kupasuka.

Je, maziwa, limau, sukari au mkaa vitaiondoa chumvi?

Hapana. Hakuna chakula kinachoifuta chumvi iliyokwisha kumezwa, na hata mkaa maalumu unaotumika hospitali kwa baadhi ya sumu haushiki sodiamu. Maji ndiyo yanayofaa.

Hospitali watafanya nini?

Watapima sodiamu katika damu na kurudia kipimo hicho kila baada ya muda mfupi, pamoja na kuangalia figo na fahamu. Wakihitaji kuishusha, watatumia dripu ya maji yenye glukosi. Kasi hutegemea muda uliopita, na ndiyo maana saa uliyoiandika ina thamani. Sodiamu iliyopanda katika saa chache inaweza kushushwa kwa haraka, kwa sababu ubongo bado haujajizoesha. Iliyokaa juu kwa siku mbili au zaidi, au isiyojulikana ilianza lini, kwa kawaida hushushwa pole pole, isizidi milimoli 10 hadi 12 kwa lita katika saa 24. Katika hali mbaya sana damu husafishwa kwa mashine. Usiwaharakishe ukiona dripu inakwenda taratibu. Kasi hiyo imepangwa.

Je, madini ya joto (iodini) yaliyomo katika chumvi yatanidhuru?

Si kwa tukio la mara moja. Kiasi chake ni kidogo, na sodiamu huwa imekwisha kuleta madhara kabla madini hayo hayajafika kiwango cha kutia wasiwasi.

Ameshapata nafuu. Nimwangalie kwa muda gani?

Aliyemeza kidogo na ambaye hakupelekwa hospitali aangaliwe mpaka kesho yake: anakunywa, anakojoa, anaongea kama kawaida, na akilala anaamshika kwa urahisi. Mwamshe mara moja au mbili usiku ule wa kwanza ikiwa ni mtoto. Kiu na mkojo mwingi katika saa hizo ni jambo la kutegemewa. Milo ya siku mbili zinazofuata ipikwe bila chumvi, wala isiwe na vyakula vya makopo au vya pakiti. Aliyetibiwa hospitali kwa sodiamu iliyopanda sana arudi kwenye tarehe aliyopangiwa hata kama anajisikia mzima, ili ubongo na figo zake zichunguzwe. Na kabla ya tarehe hiyo, maumivu ya kichwa yasiyokoma, degedege, kutembea kwa kuyumba au mabadiliko ya tabia ni sababu ya kurudi siku hiyohiyo.